Mbuzi wa Nizwa

Ijumaa asubuhi, Nizwa, watu hununua mbuzi.
Wanadi huwazungusha duarani, kamba mkononi,
koo zimekauka kwa kupandisha bei,
na mnunuzi humfunua mnyama mdomo,
akahesabu meno kabla ya kuhesabu riyali.

Mimi nami nilihesabu meno,
lakini ukuta wa pili, dukani kwa Muhanna,
nyuma ya mabirika ya kahawa yaliyovunjika midomo
na bunduki iliyosahau kulia.

"Hiki," alisema, "ni kiti cha kukamulia ngamia.
Cha mabedui. Miaka mia mbili."
Kila kitu kwa Muhanna kina miaka mia mbili,
hata mtungi wa Bahla niliouona mwaka juzi
ukitolewa tanuuni, ungali moto.
Na ngamia hukamuliwa mtu kasimama,
goti moja juu, bakuli juu ya goti.

Nikapitisha kidole gumba kwenye ulimi wa chuma.
Meno kumi na moja. Mawili yamelika.
Mbao ni ya mfenesi, rangi ya asali iliyokaa,
na mfenesi haujaota Nizwa tangu dunia iumbwe.
Nikaigeuza. Upande wa chini,
herufi za Kiarabu zimechorwa kwa msumari.
Muhanna alikwisha zisoma, akazirudia, zikamshinda.
"Talasimu," aliniambia kwa sauti ya chini.
Nikasoma:
*Ya Bi Ruzuna. Ukiazima, rudisha.*

Kicheko nikakimeza kikavu, kama kidonge.
Miaka thelathini ya kukusanya vya watu
imenifunza kuuvua uso mlangoni pamoja na viatu.
Nikaiweka chini. Nikauliza bei ya bakora.
Nikailaumu bakora. Nikanywa kahawa, nikatikisa kikombe.
Alianza sitini. Nilitoka kwa kumi na nane.

Nje, wanaume walikuwa wanapakia mbuzi garini,
mbuzi wanalia, wanagoma, wanakojolea matairi,
na mimi nimekumbatia yangu, imetulia.
Kwa Kiarabu mzaha huu haupo.
Nikacheka peke yangu kwenye maegesho
mpaka mzee mmoja akanisomea dua.

Nyumbani nilishaitengea rafu:
kati ya hirizi za fedha na kasha la njumu,
chini ya taa ndogo, nyuma ya kioo.
"Mama," nikasema, "usiioshe.
Lile vumbi ndilo thamani yenyewe."
Mama, Bi Zayana binti Saif, mzaliwa wa Wete,
aliniangalia kama aangaliavyo samaki wa juzi.
"Thamani ya vumbi," akasema,
akaenda nayo bombani.

Mjukuu akatumwa dukani. Nazi ilikuja
imevishwa plastiki, imegandikwa karatasi ya bei,
imetoka Kerala. Mama akaipasua kwa kisu butu, pigo moja,
maji akayanywa yeye.
Akakaa upande, akakusanya kanga,
na magoti yanayomlilia kila sala
hayakusema neno.
Kwaru. Kwaru. Kwaru.
Pale penye meno mawili yaliyolika
nyama ya nazi ilibaki na mfereji,
kila mzunguko, mfereji uleule,
na Bi Ruzuna, popote alipo, aliujua.

Kisha Mama akaigeuza kufuta machicha.
Akasoma. Akanyamaza.
"Nani huyu?"
"Simjui."
"Mimi pia simjui." Tui lilikuwa linamchuruzika kiganjani.
"Basi hukununua, mwanangu. Umeazima."

Kwenye daftari langu imeandikwa hivi:
*Nambari 214. Mbuzi. Mfenesi na chuma.
Mwenyewe: Bi Ruzuna. Mahali: jikoni.*

Usiku ule sikulala mapema.
Nilifungua kabati, nikatoa bangili, mabirika,
kichana cha pembe, kidani kisicho na shingo,
nikavigeuza kimoja kimoja chini ya taa,
nikitafuta msumari ulipopita.